Nguvu, Shuruti na Weledi: Uhakiki wa Lugha Inayoeleza Matendo ya Polisi

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania liliagiza ya kuwa lugha ya sheria za nchi na ya utoaji wa haki mahakamani iwe Kiswahili. Tangu hapo kazi ya kuzigeuza sheria kutoka Kiingereza imeshika njia, na wapenzi wa lugha wamefurahi, nao wana haki ya kufurahi. Walakini kazi ya mhakiki si kufurahi tu. Yampasa aulize kama maneno yanayowekwa mahali pa maneno ya kigeni yanaweza kuubeba mzigo yaliotwishwa. Katika sheria nyingi neno likipwaya kidogo, hasara yake ni fedha au kiwanja. Katika sheria za polisi neno likipwaya, hasara yake yaweza kuwa roho ya mtu.

Makusudio ya makala hii ni kukihakiki Kiswahili kama kinavyotumika kueleza matendo ya nguvu ya polisi, katika taarifa rasmi, katika magazeti na katika tafsiri za sheria. Sisemi habari ya ushairi wala ya riwaya, bali ya maandishi ambayo watu huyasoma asubuhi na kuyasahau jioni. Aghalabu maandishi ya namna hii hayahakikiwi, kwa kuwa hayadai kuwa fasihi. Lakini ndiyo yanayosomwa kuliko fasihi, na ndiyo yanayomfundisha mwananchi namna ya kuyaona yale yanayotendwa kwa jina lake. Hoja yangu ni moja: lugha hii imezoea kumwondoa askari katika nafasi ya mtenda, na maadamu askari si mtenda, hawezi kusifiwa kwa weledi wala kulaumiwa kwa kuukosa.

1. Neno "nguvu"

Neno nguvu lina ukoo mpana. Mkulima ana nguvu, dawa ina nguvu, hoja ina nguvu, na sheria mpya huanza kuwa na nguvu siku iliyotajwa. Katika matumizi hayo nguvu ni sifa njema, au walau si mbaya. Ni pale tu tunaposema "alimchukua kwa nguvu" ndipo neno linapoonyesha meno.

Sasa tazama lugha ya polisi. Sheria humpa askari uwezo fulani: twasema ana nguvu za kisheria. Askari humshika mkono mtu anayekataa kukamatwa: twasema ametumia nguvu. Askari humpiga teke mtu aliyekwisha kufungwa pingu: hapo pia twasema ametumia nguvu, na pengine twaongeza "kupita kiasi." Hata kukamatwa kwenyewe, kukiwa kwa amani kabisa, hata mtu akienda kituoni kwa miguu yake mwenyewe, twasema "ametiwa nguvuni." Mambo manne yaliyo mbali mbali mbele ya sheria yamewekwa katika chungu kimoja.

Mtu asidhani ya kuwa hili ni kosa la lugha. Kiswahili hakina umaskini hapa. Kwa uwezo uliotolewa na sheria tunalo neno mamlaka. Kwa nguvu ya mwili isiyojali haki tunalo neno mabavu, ambalo asili yake ni ubavu, likakuzwa kwa kutia dharau ndani yake. Hakuna mtu aliyepata kusifiwa kwa mabavu. Tunayo jeuri, tunayo dhuluma, tunao ukatili. Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ambayo imeandikwa kwa Kiswahili, inapokataza mateso na adhabu za kinyama hutaja matendo yenyewe kwa vitenzi vyake, wala haijifichi nyuma ya neno nguvu. Lugha inaweza, waandishi wa taarifa ndio wanaochagua neno pana, kwa sababu neno pana halimchomi mtu.

Liko na neno shuruti, ambalo nadhani halijatendewa haki. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni sharti, yaani jambo ambalo likikosekana, jingine halisihi. Shuruti na sharti ni ndugu wa tumbo moja. Basi kumshurutisha mtu, kwa kuitazama asili ya neno, ni kumlazimisha chini ya masharti. Hivi ndivyo sheria inavyoitaka nguvu ya polisi iwe: nguvu yenye masharti, nguvu ambayo masharti yake yakivunjwa inakoma kuwa ya halali. Lakini neno hili likapewa kazi nyingine. Katika miaka ya Inspekta Jenerali Said Mwema, aliyeliongoza Jeshi la Polisi la Tanzania kuanzia mwaka 2006 hadi 2013, ilienea kaulimbiu ya "Utii wa Sheria Bila Shuruti." Kwa ufundi wa maneno kaulimbiu hiyo si mbaya, ina mizani na inashikika. Lakini itazame vizuri. Inamwambia raia atii kabla ya kushurutishwa, na shuruti imebaki kama fimbo iliyofichwa nyuma ya mlango. Haimwambii askari neno lo lote. Haimkumbushi ya kuwa shuruti nayo ina utii wake wa sheria.

2. Haja na kadiri

Mwaka 1979 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha kanuni za mwenendo wa maofisa wanaosimamia utekelezaji wa sheria. Kanuni ya tatu inataka nguvu itumike pale tu inapohitajika kabisa, tena kwa kadiri inayotakiwa na kazi yenyewe. Kanuni nyingine zilizopokelewa Havana mwaka 1990 zilieleza habari ya silaha za moto kwa urefu zaidi. Sheria ya polisi ya Kenya ya mwaka 2011 ikayachukua mafundisho hayo katika Jedwali lake la Sita: askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, nguvu ilingane na uzito wa kosa na upinzani uliopo, akimjeruhi mtu, ampatie matibabu na kutoa taarifa.

Msomaji ataona ya kuwa hapa yamo maswali mawili, wala si moja. La kwanza ni haja: je, palihitajika nguvu yo yote? La pili ni kadiri: kama ilihitajika, kiasi gani? Swali la pili haliwezi kuulizwa kabla ya kulijibu la kwanza.

Sasa tuutazame usemi unaopendwa na magazeti, na hata na watetezi wa haki za binadamu, kwamba "polisi walitumia nguvu kupita kiasi." Msemaji hudhani kuwa amelaumu. Kwa kweli amekwisha kukubali nusu ya kesi. Kitu hakipiti kiasi ila kama kiasi chake kipo. Anayesema "umetia chumvi kupita kiasi" amekubali ya kuwa chumvi ilitakiwa. Basi kama watu walikuwa wameketi mkutanoni kwa amani, wasivunje sheria wala kumtishia mtu, kiasi cha nguvu kilichotakiwa kilikuwa sifuri, na usemi huu hausemi hivyo. Mhakiki wa sheria angetaka tuseme "nguvu isiyo ya haja" pale ambapo haja haikuwapo, na "nguvu iliyozidi kadiri" pale ambapo haja ilikuwapo lakini askari akavuka mpaka. Tofauti hii si ya kupamba lugha. Katika hali ya kwanza aliyekosa aghalabu ni mkubwa aliyetoa amri ya kuutawanya mkutano. Katika hali ya pili ni askari aliyeinua rungu. Tukitumia usemi mmoja kwa hali zote mbili, mmoja wao hupona.

Hali kadhalika yafaa tuonye juu ya tafsiri ya ile nguvu ambayo sheria za Kiingereza huiita ya busara. Husikika ikitafsiriwa "nguvu ya wastani." Wastani ni katikati ya kingi na kidogo. Lakini busara haikai katikati daima. Mbele ya mtu anayetaka kumchoma mtoto kisu, busara yaweza kudai nguvu nyingi mara moja. Mbele ya mlevi aliyelala barabarani, busara haidai nguvu ila ya kumwinua. Askari aliyefundishwa kuwa sheria yamtaka atumie nguvu ya wastani atampiga huyu mlevi kwa wastani, na atadhani ametii. Naona "nguvu inayolingana na haja" ni ndefu zaidi, lakini ni ya kweli zaidi, na sheria haiandikwi kwa ajili ya kuimbwa.

3. "Walilazimika"

Kitenzi kinachotawala taarifa za polisi kwa Kiswahili ni kulazimika. Polisi walilazimika kutumia mabomu ya machozi; polisi walilazimika kufyatua risasi hewani; polisi walilazimika kutumia nguvu kuwatawanya wafuasi hao. Usemi huu umezoeleka hata mwandishi kijana huuandika bila ya kuambiwa na mtu.

Tuutazame kwa sarufi. Katika "walilazimishwa" yuko mtu aliyelazimisha, hata kama hakutajwa, na msikilizaji ana haki ya kuuliza: na nani? Katika "walilazimika" hakuna mtu. Kauli ya kutendeka hueleza hali iliyojitokeza yenyewe, kama vile maji kumwagika au kamba kukatika. Basi askari hapa hakuamua, wala hakuamriwa. Hali ya mambo ndiyo iliyomwinua mkono.

Lakini kumbuka yaliyosemwa juu ya haja. Kwamba nguvu ilikuwa ya lazima ndilo jambo ambalo sheria inataka lithibitishwe. Ni hukumu inayokuja mwisho, baada ya kuulizwa mashahidi. Kitenzi hiki kinaitanguliza hukumu hiyo, na kuiweka ndani ya habari kana kwamba ni sehemu ya tukio, kama saa na mahali. Mwandishi anayeandika "walilazimika" amekaa katika kiti cha hakimu bila ya kujua. Kama hataki kukaa humo, vitenzi viko: waliamua, waliamriwa, walirusha, walipiga. Na kama polisi wenyewe ndio wanaodai ya kuwa hapakuwa na njia nyingine, basi na aandike "polisi walidai," ili kila mtu abebe neno lake.

4. Mtenda aliyepotea

Njia ya pili ya kumwondoa mtenda ni kukipa kitu nafasi yake. Tarehe 16 Februari 2018, mjini Dar es Salaam, mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji aliuawa kwa risasi akiwa ndani ya daladala, wakati polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa chama cha upinzani. Mwisho wa Machi 2020, katika jiji la Nairobi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao, wakati polisi walipokuwa wakisimamia amri ya kutotoka nje usiku. Polisi wakasema ya kuwa ilikuwa risasi iliyopotea. Baadaye uchunguzi ulifanywa na ofisa mmoja akashtakiwa mahakamani.

Katika habari za namna hii risasi huwa kiima cha sentensi: risasi ilimpata, risasi ilimpitia, risasi ilipotea njia. Katika Kiswahili anayepotea ni mtoto, au mbuzi, au msafiri. Ni kiumbe chenye nia yake, kilichotaka kwenda mahali kikashindwa kufika. Risasi haina nia. Huenda pale inapoelekezwa, au pale ambapo mtu hakujali kama itaenda. Usemi huu umeihamisha nia kutoka kwa mtu mwenye bunduki na kuitia katika kipande cha risasi. Na "kupiga hewani" nako kuna neno la kusemwa: risasi ikipanda haina budi kushuka, na wanaokaa katika nyumba za ghorofa nao wamo hewani.

Njia ya tatu ni ile ya viambishi. "Alivunjika mkono wakati wa kukamatwa" na "alivunjwa mkono wakati wa kukamatwa" zimetengwa na herufi chache tu, lakini ya kwanza ni habari ya daktari na ya pili ni habari ya mahakama. Vivyo hivyo "alifariki akiwa mahabusu" na "aliuawa akiwa mahabusu." Zaidi ya hizo kuna kiambishi -ji-, ambacho humrudishia mtu tendo lake mwenyewe. Mnamo Juni 2025 mwalimu mmoja wa Kenya alifia mikononi mwa polisi Nairobi. Taarifa ya kwanza ya polisi ilikuwa kwamba aliumia kwa kujigonga kichwa katika ukuta wa chumba cha mahabusu. Siku chache baadaye madaktari walioupasua mwili walieleza majeraha ambayo hayakuafikiana na maelezo hayo, na Inspekta Jenerali wa Polisi akakiri mbele ya Seneti ya kuwa habari ile haikuwa sahihi, akaomba radhi. Silabi moja ilikuwa imemfanya marehemu kuwa muuaji wa nafsi yake. Ilihitaji uchunguzi wa kitabibu kuiondoa.

Mtu aweza kusema ya kuwa hii ni tabia ya lugha ya habari kwa jumla, si ya polisi peke yao. Ni kweli kwa sehemu. Hata watu wanaomwua mwizi barabarani huitwa "wananchi wenye hasira kali," na hasira ikachukua lawama yao. Lakini iko tofauti. Tarehe 13 Aprili 2017 askari polisi 8 waliuawa kwa kuviziwa huko Kibiti, katika Mkoa wa Pwani. Lilikuwa jambo la kuhuzunisha, na linatukumbusha ya kuwa kazi ya polisi ina hatari za kweli ambazo msomi aliyeketi penye kivuli hana budi kuziheshimu. Habari ya namna hii ikiandikwa, hakuna anayeandika ya kuwa risasi zilipotea zikawapata askari, wala kwamba wauaji walilazimika. Mtenda hutajwa, na kama hajulikani, hutafutwa. Sarufi ya Kiswahili iko timamu siku hiyo. Ninachoomba ni kwamba iwe timamu siku zote.

5. Jeshi, huduma na utumishi

Sasa niseme juu ya majina, kwa kuwa yanajadiliwa sana. Waingereza walipounda polisi wa London mwaka 1829, chini ya Sir Robert Peel, walitaka wasifanane na wanajeshi. Wakawavika buluu badala ya nyekundu ya jeshi, wakawapa rungu badala ya bunduki. Lakini polisi wa makoloni walifuata zaidi mfano wa Ireland, ambako polisi walikaa kambini na kubeba bunduki. Wajerumani nao, kabla ya Waingereza, walimwita askari yule wa jeshi na yule wa polisi kwa jina moja, na hata leo Kiswahili kinamwita askari mwanajeshi, polisi, mlinzi wa gereza na mlinzi wa usiku dukani. Jina "Jeshi la Polisi" limekaa juu ya historia hiyo.

Kenya, kwa Katiba ya mwaka 2010, iliacha jina lenye maana ya jeshi na kuchukua lenye maana ya huduma. Katika Tanzania, tume iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman juu ya taasisi za haki jinai ilipendekeza mwaka 2023 mageuzi yenye mwelekeo uo huo. Wako wanaocheka: jina lilibadilika Kenya, na bado tarehe 25 Juni 2024 waandamanaji waliuawa kwa risasi karibu na Bunge la Nairobi. Kicheko hicho kina ukweli ndani yake. Jina juu ya lango halimfundishi mtu aliye nyuma ya lango. Ndiyo maana uhakiki huu haukuanza na majina bali na sentensi. Jina hutangazwa mara moja; sentensi ya taarifa huandikwa kila siku, nayo ndiyo inayoamua ni nani atakayeulizwa.

Hata hivyo liko jambo la lugha ambalo nadhani halikutazamwa vya kutosha. Kaulimbiu ya polisi wa Kenya, tangu kabla ya Katiba mpya, ni "Utumishi kwa Wote." Neno utumishi limetoka katika shina la kitenzi tuma. Katika shina hilo hilo kuna kutumia, tunakokutaja katika "kutumia nguvu." Kuna kutumika, yaani kufanya kazi kwa ajili ya mwingine. Kuna mtumishi. Na kuna mtumwa. Mtumishi na mtumwa wote wawili wametumwa; lakini mtumwa hana neno, naye mtumishi ana neno, ana mkataba, na ana kazi ambayo anaweza kuikataa ikiwa ni kinyume cha kazi aliyoajiriwa.

Askari akiulizwa kwa nini amefanya jambo la dhuluma, jibu lake la kawaida katika Kiswahili ni hili: "Mimi nimetumwa tu." Husema hivyo kwa kujitetea, na wengi wetu humhurumia, kwa kuwa twajua uzito wa amri katika kazi yake. Lakini kwa kinywa chake mwenyewe amejiweka katika fungu la mtumwa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 hairuhusu utetezi huo: amri ya mkubwa haimwokoi askari aliyetumia nguvu isiyo halali. Na kwa nini isimwokoe? Kwa sababu, mbele ya sheria, aliyemtuma si yule mkubwa wake. Aliyemtuma ni umma, kwa njia ya sheria, na mkubwa wake naye ametumwa vivyo hivyo. Ikiwa twatafuta jina la Kiswahili litakalochukua mahali pa jeshi, basi naona utumishi unalishinda neno huduma. Huduma hutolewa na hospitali, na hoteli, na benki. Humtaja anayepokea tu. Utumishi humkumbusha mtu ya kuwa yuko aliyemtuma.

6. Weledi

Limebaki neno weledi. Mweledi ni mtu mwenye ujuzi na ufahamu wa jambo. Katika miaka ya karibuni neno hili limepewa kazi ya kutaja sifa ya mtu anayeifanya kazi yake kwa ujuzi, kwa maadili na kwa kujitawala. Ni chaguo zuri. Lakini limekuwa neno la hotuba: askari huhimizwa wawe na weledi, kama vile watoto huhimizwa wawe na adabu, bila ya kuelezwa ni tendo gani lenye weledi na lipi lisilo nao.

Tuchukue mfano wa nahodha. Jahazi likipigwa na tufani, nahodha mweledi haulizwi kama bahari ilichafuka. Kila mtu anajua ya kuwa ilichafuka. Huulizwa alishusha tanga saa ngapi, na usukani aliushika vipi. Uweledi wake umo katika mambo aliyoyaamua baina ya upepo na mwamba. Akijibu "bahari ilinilazimu," amejivua unahodha wake mwenyewe. Hali kadhalika ya askari. Umati ukirusha mawe, weledi umo katika maamuzi: alionya au hakuonya, alingoja kwa muda gani, alilenga wapi, aliacha lini, na majeruhi alimfanyia nini. Tarehe 2 Septemba 2012 mwandishi wa habari aliuawa kwa bomu la machozi lililopigwa kwa karibu katika kijiji cha Nyololo, mkoani Iringa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ikamtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia. Mahakama ilipofika hapo ilikuwa haiwezi tena kuridhika na "vurugu zilitokea." Iliuliza ni nani aliyeshika silaha, na aliielekeza wapi. Swali la mahakama ndilo lililopaswa kuwa swali la taarifa ya kwanza.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne. Kwanza, wale wanaotafsiri sheria za polisi watenge mamlaka, shuruti, nguvu na mabavu, kila neno lipewe kazi yake katika sehemu ya ufafanuzi, lisiingiliane na jingine. Pili, haja na kadiri zitajwe mbali mbali, na "nguvu ya wastani" iachwe. Tatu, katika shule za polisi, kama vile Moshi na Kiganjo, uandishi wa taarifa ufundishwe kama sehemu ya weledi wenyewe: kila tendo la nguvu liandikwe kwa kauli inayomtaja mtenda, kisha isemwe sababu yake na mwisho wake. Nne, wahariri wa magazeti waache kuchukua kitenzi kulazimika kutoka katika taarifa za polisi na kukifanya chao.

Najua ya kuwa askari wengine watayaona mapendekezo haya kuwa ni mtego. Nadhani ni kinyume chake. Askari aliyeonya, akangoja, akatumia nguvu ndogo kuliko ile aliyoruhusiwa, na akamwokoa hata yule aliyempiga jiwe, leo hana sentensi ya kumsifu. Taarifa inayosema "vurugu zilidhibitiwa" imemfuta yeye pamoja na mwenzake aliyepiga watu mateke. Lugha isiyomtaja mtenda humficha mbaya, lakini pia humnyima mwema jina lake.

Tafsiri za sheria zinazofanywa sasa zitanukuliwa mahakamani, na neno likishaingia katika hukumu chache, huwa gumu kuliondoa hata kama kila mtu ameona ubovu wake. Wakati wa kulipima neno nguvu ni sasa, kabla ya kugandamana na sheria. Kazi hii ni ya wanasheria, lakini si yao peke yao. Wataalamu wa lugha wanaosoma kurasa hizi wana sehemu yao, nayo si ndogo.